Usiipime nchi kwa asilimia tupu: namna ya kupima haki za kiuchumi na kijamii

Utafiti wa afya wa Kenya wa 2014 uliwakuta watoto 26 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Ule wa Afrika Kusini wa 2016 ukakuta 27. Kwenye jedwali nchi hizi ni sare. Lakini pato la Afrika Kusini kwa kila mtu lilikuwa zaidi ya mara mbili ya la Kenya. Anayezipa maksi sawa anaionea yenye kidogo na kuisitiri yenye nazo.

Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kiutamaduni wa 1966, ibara ya 2, hauzitaki nchi zote zifike siku moja. Unaitaka kila nchi isonge hatua kwa hatua, ikitumia rasilimali zake zote inazoweza. Ukitaka kupima sawasawa, uliza mambo mawili: watu wamepata nini, na nchi ingeweza kuwapatia nini. Njia tunayoipendekeza ni ya watafiti Sakiko Fukuda-Parr, Terra Lawson-Remer na Susan Randolph. Mradi wa kupima haki za binadamu uitwao HRMI (Human Rights Measurement Initiative), wenye makao New Zealand, huitumia kuzipa nchi alama.

Anza na haki moja na kiashiria kimoja kinachogusa maisha ya mtu. Bajeti na sera ziweke kando kwanza. Kwa chakula, chukua asilimia ya watoto wasiodumaa. Kwa elimu, chukua wanaomaliza shule, maana uandikishaji wa jumla huweza kuvuka asilimia 100 wanafunzi waliopitiliza umri wakihesabiwa.

Kisha chora grafu. Mstari wa mlalo ni pato kwa kila mtu, kwa dola zilizorekebishwa kwa uwezo wa kununua na kwa bei za mwaka mmoja wa msingi. Wa wima ni kiashiria chako. Weka nukta ya kila nchi kwa kila mwaka wenye takwimu. Nukta za juu kabisa, kuanzia kipato cha chini hadi cha juu, ndizo zinazochora mpaka: mafanikio ambayo nchi fulani iliwahi kuyafikia kwa pato hilo. Hapo hakuna ndoto ya mtaalamu. Kuna nchi iliyokwisha kufanya.

Alama hupatikana hivi: toa kima cha chini kabisa cha kiashiria kutoka kwenye hali halisi, gawanya kwa tofauti ya mpaka na kima hicho, zidisha kwa 100. Kwa nambari za kufundishia tu: hali halisi 70, mpaka 90, kima cha chini 30. Ni 40 kwa 60, yaani alama 67. Mpaka wa udumavu usiuweke kwenye 100. Mtoto huhesabiwa amedumaa urefu wake ukipungua kwa zaidi ya vizio viwili vya mkengeuko (kipimo cha umbali kutoka wastani) chini ya wastani wa umri wake kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani (WHO), na hata penye lishe bora wapo kama 2 katika 100 walio wafupi kwa maumbile.

Makosa mengi hutokea kwenye takwimu zenyewe. Mtoto wa chini ya miaka miwili hupimwa amelala, mkubwa zaidi amesimama. Wapimaji wakichanganya, hupotea karibu sentimeta 0.7, na mtoto aliye karibu na mstari wa udumavu huhama kundi. Umri wa kukisia huharibu zaidi. Pato nalo hubadilika: Nigeria ilipobadili mwaka wa msingi wa kukokotoa pato hapo 2014, pato lake lilipanda kwa karibu asilimia 89. Pato likipanda hivyo mpaka nao hupanda, na alama hushuka bila mtoto yeyote kupoteza kitu. Kinyume chake kinatisha zaidi: vita au ukame ukiporomosha uchumi, alama huweza kupanda huku watu wakiteseka. Kwa hiyo alama isitolewe kamwe bila asilimia yake halisi na mwaka wa utafiti kando yake.

Kisha shuka chini ya taifa. Tanzania mwaka 2022 ilikuwa na udumavu wa asilimia 30, lakini Iringa ilikuwa na 57, na Njombe na Rukwa zilifika kama nusu ya watoto. Hii ni mikoa inayolisha nchi kwa mahindi! Wastani wa taifa hauwezi kukuonyesha hilo, wala kukuelekeza kuuliza mama ana muda gani wa kumlisha mtoto msimu wa kilimo. Ila sampuli ya mkoa ni ndogo. Tofauti ya pointi mbili tatu kati ya mikoa jirani usiitangaze.

Alama ya chini peke yake haithibitishi kwamba haki imevunjwa. Inakupa haki ya kuidai serikali maelezo. Nchini Kenya, ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inazitaja haki hizi, na ibara ya 20(5) inaitwika serikali inayodai haina rasilimali mzigo wa kulithibitisha hilo mahakamani. Peleka grafu yako pamoja na hesabu za bajeti. Nchini Tanzania, ibara ya 7(2) ya Katiba inazizuia mahakama kuamua juu ya malengo ya sehemu ya pili ya sura ya kwanza, ikiwemo ibara ya 11 inayogusa kazi na elimu. Huko peleka takwimu za mkoa kwa wabunge na madiwani kabla bajeti haijapitishwa.