Sindano ya kuyeyusha selulaiti: nichome?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 34, watoto wawili. Makalio na mapaja yangu yana vishimo vishimo kama ganda la chungwa. Dada wa saluni hapa Chikongola anasema ipo sindano ya kuyeyusha selulaiti, nichomwe mara nne. Hela ya korosho ninayo. Chupa aliyonionyesha haina hata lebo. — Msomaji, Mtwara

JIBU: Marahaba. Usichome.

Tazama godoro la sufi: uzi ulipovutwa panabonyea, kandokando panatuna. Ndivyo ilivyo chini ya ngozi yako. Nyuzi ngumu zinashika ngozi kwa chini, na kwa wanawake nyingi zimesimama wima, hivyo mafuta yanatunia katikati yake. Ukiyeyusha mafuta, uzi bado umevuta. Ndiyo maana hata wembamba wanavyo. (Michirizi ni kitu kingine, hiyo ni ngozi iliyochanika kwa ndani.)

Sindano iliyolenga nyuzi zenyewe iliwahi kuwepo: kimeng'enya cha kolajenesi, yaani kinachoyeyusha nyuzi hizo, kwa jina la Qwo. Marekani iliipitisha Julai 2020, kwa makalio tu, mapaja hayakuwemo. Kila kalio lilichomwa vishimo hadi 12, mililita 0.3 kila kimoja, dawa ikigawanywa pande tatu. Mizunguko mitatu, siku 21 kati ya mmoja na mwingine. Desemba 2022 mtengenezaji akatangaza kuacha kuiuza: michubuko ilikuwa mikubwa kupita kiasi, na kwa baadhi ngozi ilibaki na madoa muda mrefu. Damu ikivilia huacha madini ya chuma kwenye ngozi, na ngozi nyeusi huongeza weusi wake palipoumia. Shimo linapungua, doa linakaa. Biashara gani hiyo?

Hiyo ya kuyeyusha mafuta mara nyingi huwa asidi ya deoksikoli. Huko Marekani imeruhusiwa kwa mafuta ya chini ya kidevu tu. Inapasua seli yoyote inayoikuta, si ya mafuta peke yake. Ikichomwa juujuu, ngozi hufa ikawa kidonda. Na chupa isiyo na lebo hata hatujui ina nini.

Ninachokiogopa zaidi ni maji ya bomba na vifaa visivyotakaswa. Humo hukaa bakteria wa jamii ya wale wa kifua kikuu, ambao hujitokeza wiki kadhaa baada ya kuchomwa: vinundu vigumu, vya rangi ya zambarau, vinavyotoa usaha. Amoksilini haiwawezi, matibabu ni ya miezi. Ukiwa umeshachomwa na ukaona hivyo, usikamue. Nenda Hospitali ya Ligula na chupa mkononi, useme ulichomwa nini na lini, uombe usaha uoteshwe maabara.

Kusugua kwa kahawa hakudhuru, ila hakukati uzi. Daktari bingwa wa ngozi anaweza kuzikata nyuzi hizo kwa sindano maalumu chini ya ganzi, nayo huacha michubuko. Kabla ya kumtafuta, simama mbele ya kioo, kisha ulale kifudifudi mtu akutazame. Vishimo vikipotea ukilala, hali yako ni ya wastani, na ukiniuliza mimi, wala nisingekulaza mezani kukatwa nyuzi.