Mamangu kanyamaza, CRP iko juu, ndo sonona?

SWALI: Shikamoo dokta. Mamangu ana miaka 71, tuko Kisauni. Tangu Ramadhani iishe hali chakula vizuri, harusini haendi, hata mahamri aliyokuwa akipika alfajiri kaacha. Kliniki wamempima damu wakasema CRP ni 9. Ndo sonona hiyo?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. CRP ni protini ya ini inayopanda mwili ukiwa na uvimbe wa ndani (inflamesheni), na inayoliamsha ini kuitoa ni kemikali inaitwa interlukini-6, sasa kwa wazee hizi hupanda kwa mambo chungu nzima, magoti, fizi mbovu, sukari, kitambi, hata mafua ya juzi tu. Kweli, wazee wenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, kwa wastani huwa nazo juu kidogo, lakini hiyo 9 peke yake haimthibitishii mtu sonona. Marekani mwaka 2013 walijaribu infliximab, dawa ya kutuliza uvimbe huo wa ndani, kwa watu 60 wenye sonona sugu, kwa jumla haikushinda dawa bandia ya kulinganishia, isiyo na dawa ndani, ila waliokuwa na CRP zaidi ya 5 walionekana kupata nafuu. Tafadhali usikimbilie duka la dawa kumnunulia diklofenaki, ile dawa ya maumivu na uvimbe, figo na tumbo la mzee vitaumia bure.

Sonona hujulikana kwa kukaa na mama na kumuuliza, kuna maswali 15 ya wazee, daktari yeyote anaweza kuyatumia. Apimwe pia tezi ya shingoni (thairoidi), wingi wa damu na vitamini B12, CRP irudiwe baada ya wiki mbili tatu. Akitamka kwamba kachoka kuishi, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, usimwache peke yake.