Re: Kava la jarida la singeli, rangi tano ni nyingi?

Nyingi mno mkuu, baki na tatu. La kwangu nilitumia nyeusi, nyeupe na njano ile ya dumu la maji, maana nilitaka mtu akiliona tu aone uswahilini, Manzese au Tandale huko, sio kadi ya harusi. Herufi za jina nililaza kidogo zionekane kama zinakimbia, si unajua singeli yenyewe inapita biti 200 kwa dakika, ukiweka fonti ya gazeti la serikali inakuwa kichekesho.

Jina weka juu kabisa kwa sababu wauzaji wanapanga majarida yanafunikana, chini hakuonekani. Na ile staili ya kichwa cha msanii kufunika herufi waachie Rolling Stone, lile jarida la muziki la Marekani, wao wapo tangu 1967, hata ukiona nusu ya jina unajua ni nani, wewe nani anakujua hahaha.

Sasa hapa ndo niliumia: nilichagua kijani kinachong'aa kwenye skrini, nikapeleka kuprinti, ikatoka rangi ya mlenda uliolala. Geuza faili liwe CMYK, yaani zile rangi nne za wino wa kuprintia, mapema uone uhalisia kabla hujalipa. Picha iwe 300 dpi (nukta 300 kwa kila inchi), usichukue ya WhatsApp hata kama msanii mwenyewe kakutumia, na kama unabana kwa pini katikati kwenye mkunjo, kurasa lazima zigawanyike kwa nne, 16 au 20, ukija na 18 utaongezewa mbili tupu.

Tupia kava hapa ukimaliza tulikague.