Skani ya kichwa baada ya kuanguka na boda: yaliyonikuta mimi

Ndugu uliyeuliza kuhusu mdogo wako aliyeanguka na boda juzi pale Kawempe: daktari amesema hahitaji siti skani (picha ya mashine inayoonyesha ndani ya kichwa), mama anataka muuze ng'ombe apigwe hiyo picha. Subirini kidogo.

Mimi niligongwa mwaka juzi barabara ya Bombo. Nilizimika kidogo, nikaamka naulizia pikipiki yangu. Wenzangu wa steji, kijiwe chetu cha boda, wanasema niliuliza mara nne swali lilelile. Kliniki ya karibu ilinipiga eksirei ya kichwa, pesa ya bure, maana eksirei haionyeshi damu iliyovuja ndani. Hospitalini sista alinimulika tochi machoni, akaniuliza leo siku gani (nilikosea), akaandika 14. Ndiyo alama ya Glasgow, ya kupima mtu ana fahamu kiasi gani: mwisho wake 15, na kuanzia 13 wanaita jeraha dogo. Dogo kwao! Saa mbili baada ya ajali nilikuwa bado 14, ndipo daktari akaandika skani.

Alinieleza wanafuata kanuni iliyotoka Kanada mwaka 2001. Mtu mzima aliyezimika au kuchanganyikiwa hupigwa picha akikaa saa mbili bila kufika 15, akitapika mara mbili au zaidi, akiwa na miaka 65 kwenda juu, fuvu likionekana kubonyea, damu au maji yakimtoka sikioni, macho yakizungukwa na weusi, au akisahau nusu saa nzima ya kabla ya ajali. Pia aliyerushwa nje ya gari, au mtembea kwa miguu aliyegongwa na gari. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda hupigwa picha bila kusubiri hayo. Watoto wana kanuni yao, kwa sababu mionzi huwaathiri zaidi.

Picha yangu ilitoka safi. Nikajiona mzima, siku ya nne nikarudi steji, na hapo ndipo nilipokosea. Jua la saa saba lilinichoma macho, honi za teksi zikawa kama nyundo, abiria wa Wandegeya nikampeleka Bwaise. Wiki sita hivyo. Nikarudi kwa daktari kudai skani nyingine, akacheka: "Hiyo mashine inatafuta damu na mfupa uliovunjika. Mtikisiko wa ubongo haiuoni." Hata MRI, ile picha ya mashine ya sumaku, mara nyingi hutoka safi. Dawa yake ilikuwa kupumzika siku mbili tatu, kisha kurudia kazi polepole, nikiacha kila kichwa kinapozidi kuuma.

Sasa upande wa pili. Kijana wa steji yetu alianguka, akaamka, akala rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) akipiga soga. Akatapika mara mbili, tukasema ni pombe ya waragi. Usiku akawa anakoroma vibaya, mkewe akamtikisa asiamke. Damu ilikuwa imejikusanya kati ya fuvu na utando wa ubongo. Alipasuliwa usiku uleule na leo anaendesha, ila kovu limempita kuanzia sikioni hadi utosini.

Kwa hiyo kabla ya kugusa ng'ombe, niambie: mdogo wako ametapika mara ngapi? Ukimwamsha anajua yuko wapi? Maumivu ya kichwa yanazidi au yanapungua? Mkono au mguu mmoja umelegea? Kama amelegea au haamki vizuri, usingoje jibu langu, mpeleke sasa hivi.