Mchana Najizuia, Usiku Nashindwa Kuacha

Maswali ya wasomaji kuhusu lishe na afya

SWALI: Assalamu alaykum, Mshauri. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mtwara Mjini na kazi yangu ni kubangua korosho. Natoka nyumbani alfajiri nikiwa nimekunywa chai ya rangi tu, na kazini sili kitu, kwa sababu mikono huwa imejaa mafuta ya maganda yanayounguza ngozi. Isitoshe, tangu nilipojifungua mtoto wa mwisho nimekuwa nikijaribu kupunguza mwili. Jioni nikipita dukani hununua korosho za vipande, krispi na visheti kwa nia ya kuwapelekea watoto. Wakishalala, naonja kimoja, na baada ya hapo siwezi kujizuia. Nakula harakaharaka nikiwa nimesimama jikoni mpaka tumbo linauma, kisha naficha karatasi chini kabisa ya ndoo ya taka ili mume wangu asizione, kwa kuwa alishaniita mlafi mbele ya wifi zangu. Kesho yake najiadhibu kwa kukaa na njaa kutwa nzima. Je, huu ni ulafi au ni ugonjwa?

JIBU: Waalaikumu salaam, dada yangu. Katika barua yako kuna jambo ambalo umelipitia haraka, nami naomba tulianzie hapo: tangu alfajiri mpaka jioni hujala chochote cha kukushibisha, na muda wote huo umekaa mbele ya chakula, unakishika kwa mikono yako, lakini hukitii kinywani. Kinachotokea jikoni kwako usiku huanza kujengeka asubuhi, wakati unapotoka nyumbani na kikombe kimoja cha chai tumboni.

Tumbo likikaa tupu hutoa homoni iitwayo ghrelini, ambayo wanasayansi wa Japani waliitambua mwaka 1999, na homoni hiyo huuambia ubongo utafute chakula. Mtu akiendelea kujinyima siku hadi siku, homoni nyingine inayotoka kwenye mafuta ya mwili, yaani leptini, hupungua, na ubongo hupokea upungufu huo kama taarifa ya ukame. Ubongo hauna namna ya kujua kwamba unajinyima kwa hiari yako ili gauni likukae vizuri. Kwake njaa ni njaa, na pale chakula chenye mafuta, chumvi au sukari kinapoonekana, huuhimiza mwili ule kingi na ule haraka kabla hakijatoweka.

Jambo hili lilionekana waziwazi katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani mnamo mwaka 1944 na 1945, ambapo mtaalamu Ancel Keys aliwapunguzia chakula wanaume 36 waliojitolea, wote wakiwa na afya njema ya mwili na akili, kwa muda wa miezi sita. Wanaume hao walianza kuwaza chakula usiku na mchana, wakasoma vitabu vya mapishi kwa shauku, wakaramba sahani. Waliporuhusiwa kula tena, baadhi yao walikula mpaka wakaugua, na bado wakasema hawajatosheka. Hawa hawakuwa walafi kabla ya utafiti. Ninakusimulia habari zao ili uone kwamba mtu yeyote mwenye akili timamu, akinyimwa chakula kwa muda wa kutosha, anaweza kufanya kama unavyofanya wewe.

Njaa peke yake, hata hivyo, haielezi kila kitu. Sijawahi kupokea barua ya mtu aliyemaliza sinia la ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, gizani na kujificha. Ming'oko unaimenya mmoja mmoja, unaitafuna, unateremsha kwa maji, na kabla hujafika mbali tumbo limeshapeleka habari ya shibe kwenye ubongo, habari ambayo huchukua takriban dakika 20 kufika. Krispi huyeyuka mdomoni kabla hujaitafuna vizuri, na paketi ya pili huisha wakati habari ya paketi ya kwanza ingali njiani. Mwaka 2019 mtafiti Kevin Hall na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo ya utafiti wao juu ya watu wazima 20, ambao kwa wiki mbili waliandaliwa vyakula vilivyosindikwa sana viwandani, na kwa wiki nyingine mbili vyakula vya kawaida, wakiachwa wale kadiri watakavyo. Milo ya pande zote mbili ilisawazishwa kwa sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi, lakini katika wiki za vyakula vya viwandani walikula zaidi kwa takriban kilokalori 500 (kipimo cha nishati ya chakula) kila siku, na walikula kwa kasi kubwa zaidi. Korosho zetu si chakula cha kiwandani kwa maana hiyo, ila gramu 100 zake zina takriban kilokalori 550, na zikishakaangwa na kutiwa chumvi, mkono hurudi kwenye bakuli bila mtu kukusudia.

Huenda ukajiuliza mbona mwezi wa Ramadhani watu wengi hushinda na njaa bila kufikia hali hii. Mfungaji amekula daku, anajua saa ya kufuturu, na kwa desturi hufungua kwa tende na maji, huswali Magharibi, ndipo hukaa mkekani na wenzake mbele ya futari. Ule muda wa swala huipa shibe nafasi ya kuanza. Wewe hufunga bila daku na bila saa, kisha unafuturu peke yako, umesimama, kwa siri.

Kwa hiyo, dada yangu, ushauri wangu wa kwanza utakushangaza: kula zaidi mchana. Kabla ya kutoka, kula muhogo wa kuchemsha au viazi pamoja na mbaazi, ambazo zina protini na nyuzinyuzi na hukaa tumboni muda mrefu. Hata kiporo cha jana kinafaa. Chukua chakula kingine kwenye hotipoti, ule saa nne na tena saa saba au saa nane, kwa namna ambayo hukai zaidi ya saa nne bila kula. Najua kikwazo ni mikono. Mafuta ya maganda hayatoki kwa maji matupu, kwa hiyo jipake kwanza mafuta ya kula kidogo, ufute kwa kitambaa, ndipo unawe kwa sabuni, na hata baada ya hapo tumia kijiko. Ukiweza kuwashawishi wenzako mpumzike na kula pamoja, itakuwa rahisi zaidi, maana nina hakika hauko peke yako katika jambo hili.

Ushauri wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza. Siku ikitokea umekula kupita kiasi usiku, asubuhi yake kula kama kawaida. Adhabu ya kukaa na njaa ndiyo inayoandaa usiku unaofuata, na mzunguko huu hauwezi kukatika ikiwa kila kosa la usiku linalipwa kwa njaa ya mchana. Suala la kupunguza mwili liweke kando kwa miezi michache, mpaka milo yako itulie.

Visheti na korosho usivipige marufuku. Vitie kwenye kisahani, uketi, ule pamoja na watoto kabla hawajalala. Kuhusu mume wako, neno alilokutamkia mbele ya wifi zako limekusukuma kula mafichoni, na kula mafichoni kunaongeza aibu, nayo aibu inaongeza kula. Kama anaweza kuisoma barua hii, mpe aisome.

Umeuliza kama ni ugonjwa. Madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani waliuingiza rasmi katika mwongozo wao mwaka 2013 ugonjwa wa kula kupita kiasi bila kuweza kujizuia. Kwa kawaida hutajwa pale mambo haya yanapotokea angalau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu, yakiambatana na kula haraka, kula bila njaa, kula kwa kujificha na kujichukia baadaye. Baadhi ya dalili hizo umezitaja, na mimi siwezi kukupima kwa barua. Milo ikishatulia kwa wiki kadhaa na hali ikabaki ileile, au ukianza kujitapisha, nenda hospitalini, kwa mfano Ligula, uombe kuonana na mhudumu wa afya ya akili na wa lishe. Tiba ya mazungumzo husaidia watu wengi wenye tatizo hili. Na iwapo njaa hiyo inaandamana na kiu kali na kukojoa mara kwa mara, pima sukari mapema. Kadhalika, kama unatumia dawa kama prednisoloni, mwambie daktari, kwa sababu huongeza hamu ya kula.

SWALI: Mimi ni babu, niko Lindi. Mjukuu wangu wa miaka sita akiona biskuti hakamatiki. Mama yake huzifungia kabatini zikionekana kwenye kioo, na mtoto akienda kwa jirani hula mpaka tunaona haya. Je, tuzidi kumkataza?

JIBU: Shikamoo, babu. Ningeomba mama yake aziondoe kwenye kabati hilo la kioo. Mwaka 1999 watafiti wa Marekani Jennifer Fisher na Leann Birch walionyesha kwamba chakula ambacho watoto wanakiona lakini wamezuiwa kukigusa hukitamani na kukizungumzia zaidi, na wakipewa nafasi hukila zaidi. Mtoto anayefundishwa kwamba biskuti ni kitu adimu atazifakamia popote atakapozikuta.

Msinunue nyingi za kuweka ndani. Siku mnazonunua, apewe zake mezani pamoja na wengine, tena bila kuambiwa kwamba ni zawadi ya kumaliza ugali, kwa kuwa hapo ugali unageuka kuwa adhabu. Siku nyingine za wiki, akirudi shuleni akute embe, ndizi au muhogo vikiwa tayari, maana mtoto aliyetoka shule na njaa hula kilicho karibu. Kwa jirani, mtumeni akiwa ameshakula, na akila biskuti huko, msimsute mbele ya watu.