Begi la kushukia: nilichojifunza kwa kusafiri masaa 13 angani na watoto wawili

Nimepokea meseji ya mdada mmoja, jina lake nalihifadhi, ana mtoto wa miezi 10 na mwingine wa miaka 3, anasafiri nao peke yake masaa 14 halafu kuna ndege nyingine ya kuunganisha mbele. Kauliza maswali mengi mazuri, ila lililonigusa ni hili: "Dada, nifanyeje ili wasiwasumbue abiria wenzangu?" Nimelisoma mabegi yangu yakiwa bado yapo kwenye korido hayajafunguliwa, maana mimi mwenyewe nimerudi wiki iliyopita tu na wanangu wawili, nikasema hapana, hili silijibu inboksi, hili naliandika wote wasome. Kwa sababu swali hilohilo ndilo nililopanda nalo ndege safari yangu ya kwanza, na ndilo lililomponza mwanangu.

Ngoja nianzie huko.

Binti yangu alikuwa na miezi 9, kaka yake miaka 3, baba yao alishatangulia kikazi wiki tatu nyuma. Mimi ni mtu wa kujipanga jamani, wanaonijua wanajua. Niliandika orodha mwezi mzima kabla, nikapiga simu kuomba basineti, kile kitanda kidogo kinachofungwa ukutani mbele ya siti za mstari wa kwanza, maana ni vichache kwenye ndege na wengi wanaviomba, halafu vina kikomo cha uzito, mara nyingi kilo 10 au 11 hivi, wangu alikuwa na 8 na nusu nikapata. Tiketi yake nilikata ya mtoto wa kupakatwa, safari za kimataifa mtoto wa chini ya miaka 2 kwa kawaida analipiwa kama asilimia 10 tu ya nauli ya mtu mzima lakini siti hana, siti yake ni mapaja yako. Nikajiona niko tayari kabisa.

Tumeingia, tumeketi, wanangu wametulia tuli, akaja baba mmoja wa makamo mwenye siti ya kwenye korido pembeni yetu. Akatuangalia, akaangalia namba kwenye karatasi yake, akatuangalia tena, akamwita mhudumu na wala hakushusha sauti: "Naomba mnihamishe, mimi siwezi kukaa hapa masaa yote haya." Ndege haijasogea hata hatua. Hakuna mtoto aliyelia. Hakuna mtoto aliyefanya lolote, mkubwa alikuwa anahesabu mabawa ya ndege za nje. Nilihisi uso unawaka. Walimhamisha, na nyuma kidogo kulikuwa na mama mwingine mwenye kichanga akaomba aje akae kwenye ile siti tusaidiane, mhudumu akakataa, akanieleza vizuri tu kwamba barakoa za oksijeni juu ya ule mstari hazitoshi watoto wawili wa kupakatwa, kila kundi la siti lina moja tu ya ziada. Kwa hiyo siti ikabaki wazi. Masaa yote 13 nilikuwa naiangalia ile siti tupu kama vile imeandikwa jina langu.

Na hapo ndipo nilipoharibu, kwa sababu kuanzia dakika ile nikaacha kuwa mama nikawa mlinzi wa starehe za watu. Mambo yote niliyoyabeba ya kuwashughulisha watoto, stika, vitabu vya kuchora, katuni nilizopakua kwenye tableti, biskuti, yote niliyatoa ndani ya masaa matatu ya kwanza, sio kwamba watoto waliyahitaji, walikuwa sawa kabisa muda huo, nilikuwa nawahonga wasitoe sauti. Kuna sehemu kwenye katuni mkubwa alicheka, kicheko kile cha mtoto cha kutoka tumboni, nikamziba mdomo. Mtoto kacheka nikamziba mdomo. Hiyo mpaka leo sijajisamehe.

Masaa ya katikati nayaruka, yanafanana kwa kila mtu. Niseme tu basineti haikuwa ule mwujiza nilioutarajia, kila taa ya mkanda ikiwaka kwa sababu ya hewa kuchafuka ilibidi nimtoe mtoto nimpakate, kaamshwa mara tatu. Kwa hiyo ukiipata ichukue, ila mipango yako yote usiitundike pale.

Sasa sikilizeni hapa. Zimebaki dakika kama 40 tufike, binti yangu hatimaye kalala, usingizi mzito, kichwa kifuani kwangu. Rubani akatangaza tunaanza kushuka. Mimi nilikuwa nimeshasoma mahali kwamba wakati wa kushuka mtoto awe anameza kitu. Nilijua! Nikamwangalia, nikaangalia watu walivyotulia, nikasema moyoni nikimwamsha atalia, na hawa watu watasemaje, acha alale. Na chupa yake ya maziwa ilikuwa kwenye begi kubwa huko juu kwenye kabati la mizigo. Taa ya mkanda ikawaka, hakuna kusimama tena.

Baada ya kama dakika kumi mtoto alizinduka kwa ukelele ambao sijawahi kuusikia kwake kabla wala baada. Maskini alikuwa anajishika sikio. Nilikuja kuelewa baadaye vizuri kinachotokea: ndege ikiwa juu, hewa ya ndani wanaiweka kama ya mtu aliye kwenye mlima wa mita 1,800 mpaka 2,400, mkishuka mgandamizo unaongezeka na unasukuma ngoma ya sikio kwenda ndani, kinachosawazisha ni mrija mwembamba unaotoka sikioni kwenda nyuma ya pua na koo, na huo mrija unafunguka mtu anapomeza au anapopiga miayo. Wa mtoto mdogo ni mwembamba zaidi na umelala zaidi kuliko wetu, kwa hiyo unaziba kirahisi. Na aliyelala anameza mara chache sana. Ndo maana kumwacha alale ilikuwa kosa kubwa kuliko yote. Mhudumu akiwa kajifunga mkanda kwenye kiti chake kanipigia kelele, "Mpe kitu anyonye!", mimi namwonyesha kidole juu kwenye kabati, kunyonyesha nilikuwa nimeshaacha, maziwa yangu yalikata mapema. Na nyuma yangu sauti ya mtu ikasema, "Kwani huyo mama hawezi kumnyamazisha mtoto wake?"

Dakika ishirini na kitu. Tunagusa ardhi mtoto sauti imekauka.

Kwenye kaunta ya uhamiaji nako tukakwama, afisa anaulizia barua ya baba ya kuruhusu watoto wasafiri na mimi peke yangu, mimi nina paspoti zao tu, tukakaa kwenye benchi mpaka walipompata baba yao kwa simu. Barua hiyo nchi nyingi wanaweza kuidai, iwe na sahihi yake na ikiwezekana ithibitishwe na mwanasheria, na cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto. Usikute kilichonikuta.

Haya, wiki iliyopita sasa. Watoto walewale, binti ametimiza miaka 2 mwezi mmoja kabla kwa hiyo huyu ni wa kulipiwa siti kamili (na wewe mwenye mtoto wa mwaka mmoja na miezi kumi angalia tarehe ya kurudi, akifikisha miwili mkiwa hukohuko, kurudi anahitaji siti yake). Mume safari hii tena hakuwepo. Masaa yaleyale 13. Tofauti ilikuwa ni begi moja dogo la mgongoni la mtoto, ambalo mimi naliita begi la kushukia.

Begi la kushukia halipandi juu kwenye kabati. Linakaa chini ya siti ya mbele, miguuni kwangu, na halifunguliwi mpaka ibaki saa moja kufika, hata mtoto alie vipi, hata wewe uchoke vipi. Ndani yake: kikombe cha mrija cha mdogo, kitu cha kutafuna cha mkubwa ambacho hajakionja safari nzima, kimdoli kimoja kipya kilichofungwa kwenye karatasi maana kukifungua tu ni dakika tano, nepi mbili, waipsi, nguo moja ya kila mtoto na blauzi moja ya kwangu. Basi. Mtoto wa chupa kama wako, mdogo wangu, weka chupa na maziwa ya unga yaliyopimwa tayari, maji unaomba kwa mhudumu mapema. Na ukaguzi usikutishe, ile sheria ya vimiminika vya mililita 100 sehemu nyingi haigusi maziwa ya mtoto na dawa zake, toa vionekane, sema mapema kabla hawajakuuliza.

Kwenye skrini ya ramani ilipoandika dakika 45 zimebaki, binti alikuwa kalala. Palepale, kama mara ya kwanza. Nikamwamsha. Akalia, tena alilia kwa hasira kweli, na watu waligeuka, mmoja alitikisa kichwa, nikamwacha atikise. Dakika tatu hivi. Nikampa kikombe, funda moja, napumzisha, funda jingine, usimwache amalize yote kwa pupa maana kushuka ni kama nusu saa na unataka awe anameza mpaka mwisho. Mkubwa anatafuna na kusimulia alichoona dirishani. Magurudumu yakagusa chini, hakuna aliyejishika sikio. Mimi ndo machozi yalinitoka, dada wa siti ya jirani akadhani naogopa kutua.

Kwa hiyo narudi kwenye swali lako. Wasiwasumbue abiria vipi? Mpenzi, swali hilo liweke nyumbani kabla hujafunga begi. Umelipa nauli kama wao. Kuna kitu cha kuzuia na hicho kizuie bila huruma: kupiga teke siti ya mbele, wavue viatu mara tu mkikaa. Kukimbia kwenye korido vinywaji vya moto vikipita, hapo ni hatari ya kuungua. Sauti ya tableti, vaa hedifoni za saizi ya mtoto, zile za kwenye ndege zinadondoka kichwani. Zaidi ya hapo mtoto kulia ni mtoto kulia. Siku hizi naona kuna wazazi wanagawa vifuko vya peremende kwa abiria na kikaratasi cha kuomba msamaha kwa niaba ya mtoto, mimi silikubali kabisa hilo, unamwombea mtoto msamaha wa kosa gani? Nguvu uliyotumia kufunga vifuko 20 ungefunga begi la kushukia. Wale watu hutawaona tena maishani, mtoto utaamka naye kesho. Mimi niliwaogopa watu ambao hata sura zao sizikumbuki, mwanangu akaumia mbele yangu, ukiniuliza nini kinaniuma mpaka leo sio yule baba aliyehama siti, ni mimi niliyemwacha akaniongoza.

Umeniuliza pia kuhusu kumpa dawa ya mafua ili alale. Usimpe. Madaktari wa watoto hawashauri, na hizo dawa zinazosinzisha kuna watoto zinawageuza kabisa, badala ya kulala anachangamka na kuhangaika usiku kucha, na hata akilala, nimeshakueleza habari ya mtoto aliyelala ndege ikishuka. Kama ana mafua kweli au sikio linamsumbua, mpeleke kwa daktari kabla ya safari na uulize kama apande au asipande.

Maji wape mara kwa mara, hewa ya ndani ni kavu mno, unyevu wake mara nyingi haufiki asilimia 20. Nepi hesabu moja kwa kila saa ya safari na tatu za ziada, utabakiza lakini hutajuta. Kwenye ndege ya kuunganisha begi la kushukia lijazwe upya mkiwa pale kwenye kusubiri, sio mkishaingia, maana kushuka ni mara mbili na masikio ni yaleyale.

Swali lako la mwisho, choo unaendaje ukiwa peke yako na wawili. Bonyeza kitufe, muombe mhudumu akushikie mdogo dakika mbili, halazimiki lakini wengi wao nimeona wanakubali, chagua muda ambao hawagawi chakula. Wakiwa bize, nendeni wote watatu. Meza ya kubadilishia nepi inashuka kutoka ukutani juu ya choo, ila sio kila choo kinayo, uliza kipi kinayo, mlaze mdogo hapo huku mkono wako mmoja haumwachii, mkubwa mwambie ashike sketi yako na awe ndiye mwenye kazi ya kubonyeza kile kitufe cha maji mkimaliza. Wangu kaipenda kazi hiyo kuliko katuni zote.