Maswali ya Wasomaji: Mashine ya Kuoshea Vyombo na Nyaya za Jikoni

SWALI: Ndugu Mhandisi, salaam. Mwanangu amenizawadia mashine ya kuoshea vyombo. Jiko letu, katika nyumba ya zamani kidogo, lina soketi mbili tu: moja ni ya friji, na ya pili ina ekstensheni inayobeba birika la umeme na mikrowevu. Fundi wa kwanza alisema mashine ichomekwe kwenye ekstensheni hiyo kwa kuwa bado ina tundu moja wazi. Wa pili anataka kuvuta waya mpya kutoka kwenye boksi la sakiti breka, na ninahofia ukuta wangu. Nimsikilize yupi? (Mama wa Kinondoni, Dar es Salaam)

JIBU: Mama, msikilize wa pili. Ukuta si lazima utobolewe wote, kwa kuwa waya unaweza kupita ndani ya mfereji wa plastiki unaobandikwa juu ya plasta, lakini waya mpya unahitajika.

Anza na kibandiko kilicho kwenye ukingo wa mlango wa mashine. Mashine nyingi za aina hii huandikwa kati ya wati 1,800 na 2,400. Umeme wetu ni wa volti 230, kwa hiyo ukigawanya wati kwa volti utapata takriban ampea 8 hadi 10 na nusu. Birika la wati 2,200 nalo hukaribia ampea 10, na mikrowevu huongeza 5 au 6. Ekstensheni, hata iwe na matundu sita, haipaswi kubeba zaidi ya ampea 13 kwa jumla, kwa sababu umeme wote huingia kupitia plagi moja. Nyingine zina waya mwembamba usiostahili hata kiasi hicho. Tundu likiwa wazi, haina maana kwamba waya bado una nafasi.

Kinachowadanganya wengi ni kwamba siku ya kwanza hakuna kinachotokea. Fyuzi ya ampea 13 iliyo ndani ya plagi haikatiki papo hapo ikipitiwa na ampea 20. Huweza kuvumilia kwa nusu saa au zaidi, na wakati huo wote plagi, soketi na waya vinazidi kupata joto. Birika huchemsha kwa dakika chache kisha hujizima, na waya hupata muda wa kupoa. Mashine ya vyombo, kinyume chake, hupasha maji zaidi ya mara moja katika programu inayoweza kuchukua saa mbili, na hakuna anayesimama kando yake kuitazama. Ukiona uso wa soketi unageuka kahawia kuzunguka matundu, jua kwamba jambo hilo lilianza zamani.

Waya unaofaa ni wa shaba, wa milimita za mraba 2.5, wenye ethi yake (waya wa usalama unaopeleka ardhini umeme uliovuja), utoke kwenye boksi ukiwa na sakiti breka yake ya ampea 16 au 20, na uishie kwenye soketi moja ya ampea 13. Ukiletewa waya wa 1.5, ukatae; huo ni wa taa. Soketi yenyewe isiwe nyuma ya mashine, ambako maji yakivuja hutaweza kuifikia, bali iwe ndani ya kabati la jirani, juu ya usawa wa mabomba. Na ikiwa sakiti breka itaanza kukata mara kwa mara, usikubali ibadilishwe kwa ya ampea 32 ili isikusumbue, kwa sababu kazi yake ni kulinda waya ulio ukutani, na waya huo haukukusudiwa kubeba kiasi hicho.

Jambo ambalo hakuna fundi kati ya hao wawili aliyelitaja, na ambalo mimi ningelianza nalo, ni ethi. Nyumba zetu nyingi hutegemea fimbo iliyochomekwa ardhini. Tuseme ukinzani kati ya fimbo hiyo na udongo ni omu 20. Waya wa moto ukilegea ndani ya mashine na kugusa bodi ya chuma, umeme utakaoelekea ardhini ni 230 kugawanya kwa 20, yaani ampea 11.5. Sakiti breka ya ampea 20 huona hayo ni matumizi ya kawaida, haikati, na bodi hubaki na umeme huku mtu amesimama peku kwenye sakafu yenye maji. Ndiyo sababu jiko lenye mashine ya maji lisikose kifaa kinachoandikwa RCD au RCCB cha miliampea 30, ambacho hulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, na hukata mara moja sehemu ndogo inapopotelea ardhini. Kina kitufe chenye herufi T; kibonyeze kila baada ya miezi michache, na kisipokata, kibadilishwe.

Mwulize fundi kama ana leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji ya Tanzania, na kama ana kipimo cha ethi. Fundi anayepima ethi kwa kuwasha balbu kati ya waya wa moto na fimbo hajapima kitu.

SWALI: Assalaam aleykum. Kaka yangu aliyeko Minnesota anafunga kontena la kurudi nyumbani, na ndani mna mashine ya kuoshea vyombo iliyoandikwa volti 120, hezi 60. Haina plagi, ina nyaya tatu tu chini yake: mweusi, mweupe na wa kijani. Je, tukinunua transfoma itafaa? (Msomaji wa Nyali, Mombasa)

JIBU: Waaleykum salaam. Ningemshauri kaka yako aiuze huko huko. Transfoma hubadilisha volti, lakini haigusi hezi, yaani idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde, na Kenya umeme ni wa hezi 50. Mota ya pampu iliyotengenezwa kwa hezi 60, kama ni ya aina ya kawaida, itazunguka polepole kwa moja ya sita, maji yatarushwa kwa nguvu ndogo, na mota yenyewe itapata joto kupita kiasi. Juu ya hayo, transfoma ya kazi hii inahitaji kuwa ya angalau volti-ampea 2,000, ambayo ni nzito na ghali. Na mtu akiichomeka moja kwa moja kwenye volti 230, kipasha maji kitatoa joto karibu mara nne ya kiasi chake, na hakitadumu.

Rangi za nyaya hizo nazo ni mtego. Marekani mweusi ndio wenye moto na mweupe ndio nyutro, yaani wa kurudisha umeme, ilhali katika nyumba zetu za zamani mweusi ni nyutro na mwekundu ndio wenye moto. Nyaya hazina plagi kwa sababu huko mashine mara nyingi huungwa moja kwa moja kwenye sakiti yake ya ampea 15 au 20.

Vifaa vya Dubai na Muscat havina taabu hii. Ni vya hezi 50, na plagi zao za miguu mitatu bapa ni kama zetu. Saudia hutumia hezi 60, basi soma kibandiko kabla ya kupakia. Vya Ujerumani vinakubaliana na umeme wetu, tatizo ni plagi yao ya miguu miwili ya mviringo. Sote tunaijua mbinu ya kusukuma kalamu kwenye tundu la juu ili plagi hiyo iingie. Mashine huwaka, lakini ethi ya plagi hiyo iko ubavuni, haigusi chochote ndani ya soketi yetu, na mtu akigusa bodi huhisi mtekenyo. Afadhali plagi ikatwe na kufungwa ya ampea 13 yenye fyuzi: kahawia kwenye L, bluu kwenye N, kijani na njano kwenye E.

SWALI: Jiko langu jipya la umeme lina plati nne na oveni, wati 7,000 kwa jumla. Fundi anasema waya wa 2.5 unatosha kwa sababu vyote haviwashwi pamoja. Ni kweli? (Msomaji wa Mwanza)

JIBU: Amesema nusu ya kweli. Wati 7,000 ni takriban ampea 30. Kanuni ya Kiingereza inayotumiwa kwa majiko ya nyumbani huhesabu ampea 10 za kwanza kamili, kisha asilimia 30 ya zilizobaki, na kuongeza 5 ikiwa swichi ya jiko ina soketi, jambo linalotupa kama 21. Hizo zinazidi sakiti breka ya 20 inayolinda waya wa 2.5, na siku ya Idi au Krismasi plati zote na oveni huwaka kwa saa kadhaa. Vuta waya wa 6 wenye sakiti breka ya ampea 32, pamoja na swichi ya jiko iliyo pembeni, mahali unapoweza kuifikia bila kupitisha mkono juu ya masufuria yanayochemka. Jiko la umeme la presha, ambalo kwa kawaida ni la wati 1,000 hivi, halihitaji haya yote. Soketi ya kawaida ya ukutani yenye ethi inalitosha.